Tuko pamoja?

Mwalimu wa Uganda, awe wa chekechea au wa chuo kikuu, ana swali moja analolirudia kila baada ya dakika tano: "Tuko pamoja?" Darasa humwitikia kwa sauti moja, "Tuko pamoja!", naye huendelea na somo roho kwatu. Wengi huliuliza kwa Kiingereza; hapa nalitafsiri. Mimi nimeliuliza kwa miaka mingi mbele ya watu wazima wenye shahada zao, na aibu yangu kubwa ni kwamba miaka miwili ya mwanzo niliamini jibu lake.

Kazi yangu ni kutunza klasta, yaani seva kadhaa zilizounganishwa zikafanya kazi kama kompyuta moja kubwa, ndani ya chumba chenye baridi kuliko Kabale alfajiri. Watafiti wa taasisi mbalimbali wanaitumia kwa zamu kuchambua data za vinasaba: virusi, mbu, vimelea vya malaria, mihogo, ng'ombe, binadamu. Taasisi yenyewe sitaitaja, kwa sababu mengi nitakayosema ni makosa, na wenzangu hawajaniruhusu kuyaanika.

Kabla ya klasta, mambo yalikuwa hivi. Sampuli zinachukuliwa Gulu au Tororo, zinagandishwa, zinapanda ndege kwenda ng'ambo. Zikishasomwa huko, data nayo inabaki huko, kwa sababu faili za jenomu, yaani vinasaba vyote, ya mtu mmoja tu zinaweza kupita gigabaiti 100, na hakuna laptopu ya mwanafunzi wetu iliyoweza kuzimeza. Miaka mitatu baadaye unaona makala imetoka, na majina yetu yamebanwa katikati ya orodha. Kwa hiyo mashine ilipofika mwaka 2017 tuliishangilia. Utepe ukakatwa, soda zikanywewa, wageni wa heshima wakapigwa picha mbele ya taa ndogo za kijani.

Baada ya miezi sita taa bado zilikuwa za kijani, lakini foleni ya kazi, yaani ya uchambuzi ambao watafiti wanautuma kwenye klasta, ilikuwa tupu. Nilikuwa nikiingia asubuhi, naandika amri ya kutazama foleni, na skrini inanijibu kwa mstari mmoja wa vichwa vya habari visivyo na habari.

Jibu letu likawa warsha. Siku tano, watu 40, chakula cha mchana, cheti chenye nembo nne, picha ya pamoja kwenye ngazi. Tukimaliza moja tunapanga nyingine. Kufikia mwisho wa mwaka wa pili tulikuwa na vyeti 160 vilivyotolewa na watumiaji tisa. Tisa! Watatu kati yao walikuwa wafanyakazi wenzangu. Kwenye ripoti kwa wafadhili nilikuwa naandika 160, maana ndiyo safu iliyokuwapo kwenye fomu yao. Hiyo tisa hakuna aliyeiuliza.

Aliyenifungua macho ni mama mmoja kutoka maabara ya mazao. Anatafiti inzi weupe, wale wadudu wadogo wanaosambaza magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia kwenye mihogo. Baadaye darasa zima lilimwita Mama Muhogo, na yeye mwenyewe huitikia, kwa hiyo nami nitamwita hivyo.

Katika warsha zetu tulikuwa tumeiga utaratibu wa The Carpentries, walimu wa kujitolea ambao tangu 1998 wanafundisha wanasayansi kutumia kompyuta. Kila mtu anapewa vikaratasi viwili vya kunata. Kijani ukikibandika nyuma ya laptopu maana yake niko sawa. Chekundu maana yake nimekwama, njooni. Ni mbinu nzuri sana, huko ilikotoka. Kwetu siku ya kwanza ilipofika saa sita mchana ukumbi mzima ulikuwa kijani kama shamba la chai la Fort Portal. Nikauliza tuko pamoja, wakasema tuko pamoja, tukaenda kula.

Nilirudi kuchukua simu niliyoisahau. Mama Muhogo alikuwa amebaki peke yake, sahani haijaguswa, anatazama skrini nyeusi yenye mistari ya makosa kumi na mbili. Nyuma ya laptopu yake, kijani.

"Kaka," akaniambia taratibu, "mimi sijui niko wapi."

Nikadhani anatania. Alikuwa anasema kweli tupu. Amri zote alizokuwa akiandika zilikuwa sahihi, ila alikuwa amesimama kwenye folda nyingine, na hakujua kwamba kwenye ile skrini nyeusi mtu husimama mahali. Saa tatu nzima hakuna aliyemwambia neno hilo. Nilipomuuliza kwa nini hakuweka chekundu, alinionyesha kiti cha pembeni yake kwa kidevu. "Mbele ya profesa wangu?"

Nikaichungulia laptopu ya profesa. Alikuwa amekwama palepale, mstari uleule. Na yeye kijani.

Halafu mama akaongeza jambo ambalo sijalisahau. Data tuliyokuwa tunafundishia ilikuwa ya bakteria mmoja, faili ndogo inayomalizika kuchambuliwa kwa dakika moja. Yeye nyumbani alikuwa na sampuli 80 za inzi. "Mnatufundisha kuogelea kwenye beseni, kaka, halafu mnatuonyesha Nalubaale." Nalubaale ndilo jina la Ziwa Victoria kwa Waganda, na kutoka dirishani mwetu siku ile lilikuwa linaonekana.

Tulibadilisha mambo polepole, kwa kubahatisha. Maprofesa tukawatenga na wanafunzi wao, na wenyewe wakashukuru kimyakimya. Mimi nikaanza kila somo kwa kukosea makusudi mbele ya watu, nikisoma ujumbe wa kosa kwa sauti na kukuna kichwa. Siku za mwanzo nilikuwa naigiza. Baadaye sikuwa na haja, makosa yalikuja yenyewe. Na vikaratasi tukavitupa. Badala yake kila nusu saa kila mtu anahamia kiti cha jirani na kutazama skrini ya mwenzake. Mtu hataficha asichokijua kama jirani tayari amekiona.

Lakini kilichozaa watumiaji hasa ni Alhamisi. Kila Alhamisi saa kumi jioni tunakaa kantini, hakuna projekta, hakuna posho, na sharti la kuingia ni moja: uje na kitu kilichokuharibikia, tena cha kwako, si cha mfano. Rolex, yaani chapati iliyokunjiwa mayai, tunajinunulia wenyewe kwa kijana mwenye kikaango nje ya geti. Alhamisi ya kwanza walikuja watu watatu na mmoja alikuwa amepotea njia, akitafuta idara ya uhasibu. Ya kumi walikuja kumi na wanne. Korona ilipofunga vyuo Machi 2020, Alhamisi zikahamia kwenye kundi la WhatsApp, na hapo ndipo watu wa Mbarara na Gulu walipoingia kwa wingi, kwa kuwa hawakuhitaji tena nauli.

Katika kuchagua wasaidizi nako nilikosea. Nilimchukua kijana mwerevu kuliko wote, anayeandika Python, lugha ya kuandikia programu, kama anayeandika barua kwa mama yake. Alikuwa balaa. Mwanafunzi akikwama, yeye anainama, anakamata kibodi, vidole vinakimbia, "Imeisha hiyo, dada," anaondoka. Dada anabaki na jibu asilojua limetoka wapi. Siku hizi wasaidizi wetu wanatembea mikono nyuma, kama wazee kwenye mazishi, na anayeshika kibodi ya mwenzake ananunulia meza nzima chai. Na tunawachagua miongoni mwa waliokwama mwezi uliopita. Aliyevuka mto jana bado anakumbuka jiwe gani linateleza.

Wazo la kuwa na msaidizi kila kituo hatukulibuni. H3ABioNet, mtandao wa Afrika wa bioinfomatikia (uchambuzi wa data za vinasaba kwa kompyuta), ulianza kufundisha hivyo mwaka 2016: mihadhara inarekodiwa, wanafunzi wanakaa katika vyumba vya vyuo vyao katika nchi zao, na kila chumba kina mtu wa kuulizwa. Mwaka ule wa kwanza walikuwa wanafunzi 364 katika vituo 20 vya nchi 10. Sisi tulidokoa tu. Na yote yasingewezekana bila RENU, mtandao wa vyuo na taasisi za utafiti Uganda ulioanzishwa mwaka 2006. Mtu wa Mbarara akija Kampala anafungua laptopu, eduroam, Wi-Fi ya pamoja ya vyuo, inamtambua kwa nenosiri la chuo chake, anaingia kazini. Zamani nusu ya siku ya kwanza ya warsha ilikuwa ya kugawa nenosiri la Wi-Fi.

Sasa niwasimulie tukio moja, la barazani.

Klasta ina mlango. Unapoingia kutoka nje unafikia kwanza seva moja ndogo ya kupokelea watu. Ukiwa hapo unaandika ombi lako, na msimamizi wa foleni, programu iitwayo Slurm, anakupangia nafasi kwenye seva kubwa za ndani. Ukiendesha uchambuzi mzito palepale mlangoni, seva ndogo inazidiwa na kila mtu anaganda. Mwongozo wetu ulisema hivyo wazi, kwa Kiingereza, ukurasa wa nne.

Mchana mmoja wa Februari kila mtu akaganda. Kundi la WhatsApp likawaka. "Nani huyo?" "Mfungieni!" Mmoja aliandika neno la Kiluganda ambalo sitalirudia. Nikafuatilia, nikakuta ni kijana kutoka Bukavu aliyekuja kusoma uzamili, amewasha kazi ya nyuzi 32, yaani hesabu 32 zinazokwenda kwa pamoja, pale mlangoni. Kidole changu kilikuwa tayari kwenye amri ya kumfungia. Sijui nini kilinifanya nimpigie simu kwanza. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, Kifaransa changu hakipo kabisa, tukaangukia Kiswahili.

"Mwalimu, samahani sana," akasema. "Mimi sikujua kama ule ni mlango. Nilifikiri ndiyo nyumba."

Hapa niseme kidogo kuhusu Kiswahili. Nimekulia kambini Jinja, baba alikuwa mwanajeshi, na Kiswahili ndiyo lugha niliyochezea mpira. Uganda ina historia yake na lugha hii. Wengi wazazi wao waliisikia kutoka kwa mtu mwenye bunduki, na hata leo ukiiongea ofisini utaitwa Afande. Mimi ndilo jina langu kazini. Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, na mwezi huohuo mwenzangu mmoja aliniuliza kwa dhati kama nimepandishwa cheo. Nilikuwa nimezoea kuiacha lugha yangu getini. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba mezani kwetu kuna Mkongo, Mrundi, wawili wa Kisumu na mmoja wa Mwanza, na kwamba wote wanakwama kwa Kiingereza.

Jioni ile ya Alhamisi yule kijana alieleza kilichotokea mbele ya waliomtukana. Mtu wa Mwanza akacheka, akasema: basi ulipika barazani. Wote wakaelewa papo hapo. Wiki hiyohiyo tukabadilisha ujumbe anaousoma kila anayeingia. Ulikuwa na mistari 30 ya masharti. Sasa unasema:

Karibu. Hapa ni barazani. Jiko liko ndani. Usipike barazani.

Chini yake kuna tafsiri ya Kiingereza na ya Luganda, lakini hata Waganda husema kwa Kiswahili, "Nani anapika barazani?" Bado wapo wanaopika, ila siku hizi wanaambiwa na jirani kabla mimi sijajua.

Watu walipoongezeka, foleni ikawa na ugomvi wake. Mtu anaomba viini 64, sehemu za seva zinazofanya hesabu, kwa programu inayotumia kimoja, kama abiria anayelipia viti vyote vya basi akakae kimoja. Wengine wakadai foleni inapendelea. Tukaweka televisheni kuukuu kantini inayoonyesha foleni saa zote, na kila mwisho wa mwezi orodha ya nani ametumia kiasi gani na kiasi gani alikipoteza bure. Profesa mmoja alikuja ofisini kwangu amekunja uso. Jina lake lilikuwa juu kabisa. Mwezi uliofuata halikuwapo.

Nimefika kwenye sehemu ninayoiandika kwa uzito. Diski ilijaa. Asilimia 97. Nilituma barua pepe saba za kuomba watu wafute faili zisizohitajika, na naamini zilisomwa na mimi tu. Mama Muhogo ndiye aliyesema, "Barua pepe za nini? Itisha bulungi bwansi."

Asiyejua: bulungi bwansi ni desturi ya Buganda ya kijiji kutoka pamoja kufyeka njia na kusafisha kisima, kile Watanzania wanachokiita msaragambo. Asiyetoka anaonekana. Tukaitisha ya faili. Jumamosi moja watu 31 walikaa kantini, kila mmoja na laptopu yake, wakifuta. Wengi walikuwa wameweka matokeo ya katikati katika muundo wa SAM, ambao ni maandishi matupu, wakati yangeweza kubanwa kuwa BAM na kupungua mara kadhaa. Ilikuwa sherehe. Mtu akifuta terabaiti anapigiwa makofi.

Folda moja ilikuwa na jina la mtu ambaye tulidhani amehitimu na kuondoka. Terabaiti mbili. Mtu akauliza, "Afande, hii nayo?" Nikatazama tarehe, nikaona haijaguswa kwa miezi minne, nikasema futa.

Hakuwa ameondoka. Alikuwa likizo ya kuuguza mke wake. Ilikuwa kazi yake ya vimelea vya malaria vya kaskazini, kulekule ambako mwaka 2021 watafiti walichapisha ushahidi wa usugu dhidi ya artemisinini, dawa ya malaria. Uchambuzi wa miezi mitatu, na nakala rudufu hakuna, kwa sababu sisi hatukuwahi kuitoa wala kusema wazi kwamba hatuitoi. Alirudi Jumatatu. Hakupiga kelele. Alisimama mlangoni pa ofisi yangu, akatazama chini, akasema, "Ssebo," yaani bwana, "ungenipigia simu tu."

Data ghafi, kwa bahati, ilikuwa kwenye diski ya maabara yao. Uchambuzi ulitakiwa kurudiwa wote. Kwa hesabu ya foleni ya siku ile ingemchukua wiki tisa, na utetezi wa tasnifu yake ulikuwa baada ya sita. Niliandika kwenye kundi kilichotokea na kwamba kosa ni langu. Sikuomba kitu. Kwa nusu saa hakuna aliyejibu, nikajua nimewapoteza. Kisha nikatazama televisheni ya kantini. Mstari wa kwanza, kazi ya Mama Muhogo, ulikuwa umesimamishwa na mwenyewe. Kisha wa yule wa Mwanza. Kisha wa profesa aliyewahi kukunja uso. Kufikia magharibi kazi 17 zilikuwa zimewekwa kando na wenyewe, bila neno hata moja kwenye kundi, na za yule bwana zikaanza kuingia ndani moja baada ya nyingine.

Alimaliza kwa siku 19. Mimi ananisalimu, lakini kwa umbali. Ni haki yake. Sasa hakuna folda inayofutwa bila mwenyewe kupigiwa simu, na kila mtumiaji mpya anaambiwa kwa mdomo, akitazamwa usoni, kwamba nakala ni jukumu lake.

Kwenye ripoti nimeacha kuandika idadi ya vyeti. Naandika wangapi wamerudi mara ya pili wakiwa na swali, na wangapi wamejibu swali la mwenzao. Mfadhili mmoja aliturudishia fomu kwa kuwa safu hiyo haipo kwenye mfumo wao. Nikamwandikia 160 nyingine akaridhika.

Mwaka juzi mama yangu aliugua, nikakaa Jinja wiki saba. Hofu yangu juu ya kile chumba chenye baridi ilizidi ya kawaida. Niliporudi nilikuta kiyoyozi kimoja kimetengenezwa, ujumbe wa barazani umeongezwa Kifaransa, na karatasi imebandikwa ukutani kantini yenye kanuni tano nilizokuwa sijawahi kuziona. Mbili kati yake ningezikataa. Ya nne ilisema majaribio ya wasimamizi nayo yanapanga foleni kama ya wengine.

Nikawasha jaribio langu dogo, la dakika tano tu, kuona kama kila kitu kiko sawa. Skrini ikaniambia nasubiri. Wa 41. Nikaandika kwenye kundi, kwa upole, kwamba ni Afande, nimerudi, ni jaribio dogo tu.

Mama Muhogo akajibu kabla sijaweka simu mezani: "Karibu sana, kaka. Pole ya mama. Karatasi ya ukutani umeisoma?"